Rivyu: Go, Python, Java na Node kwenye kusoma MAC adresi, nilivyozitumia kwa wateja wa Mwanza

Wakuu habari za muda huu. Hii nawaandikia wale wanaotengeneza programu za madukani na maofisini, hasa huku kanda ya ziwa ambako kila mteja anataka mfumo wake ufungwe kwenye mashine moja au anataka ajue kompyuta ipi ni ipi kwenye mtandao wake, na fundi kitu cha kwanza kinachomjia kichwani ni kusoma MAC adresi, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao. Nimetumia njia nne ambazo zinakuja bure na lugha zenyewe, Go, Python, Java na Node (ya JavaScript), kwenye kazi za watu wanaolipa, na nina maoni. Asiye na muda aondoke na jibu mapema: Go ndo bora, Java inafuata, Node itumie kwa kazi nyepesi, na ile uuid.getnode ya Python usiiguse kwa kazi hii hata kama ndo ya kwanza kutokea kila ukitafuta.

Nimezipanga hivo kwa sababu moja ambayo kwangu inazidi zote. Laibrari (msimbo ulioandikwa tayari unaouita kwenye programu yako) ya kusoma namba ya kadi lazima iweze kukujibu "hakuna". Kama haiwezi kusema hakuna basi majibu yake mengine yote siyaamini, haijalishi ni rahisi kutumia kiasi gani.

Kazi iliyonifungua macho ni ya ghala la dagaa pale Mwaloni Kirumba. Mwenye ghala ni mama mmoja makini sana, ana mizani zaidi ya moja, kila mizani ina kakompyuta kadogo kanachopokea uzito na kutuma ofisini, wapimaji wanabadilishana zamu, na yeye anachotaka ni kwamba gunia likipimwa ionekane limepimwa kwenye mizani ipi ili kukitokea ubishi na mchuuzi wa Sengerema au wa Ukerewe kuwe na pa kuanzia. Mfumo niliurithi, ulitengenezwa na mtu mwingine kwa Python, na vile vikompyuta vilikuwa havina tundu la kebo vinatumia kadi ya waifai ya kuchomeka kwenye USB. Sasa ripoti za mwezi zikawa zinaonyesha mizani ambazo hazipo. Yule mama akaniita akaniambia, "Mwanangu, mimi mizani zangu nazijua, hizi zingine za nani?" Nikamwambia mama nipe muda niangalie.

Nikaangalia. Umeme ukikatika ukirudi, kakompyuta kanawaka, programu inaanza kabla kadi ya USB haijatambuliwa, programu inaita getnode, getnode inatafuta kadi haioni hata moja, alafu badala ya kusema sijaona inatengeneza namba ya kubuni ya biti 48 na kuirudisha kama kawaida. Na ikishaitengeneza inaishika ileile mpaka programu izimwe, ata kadi ikitokea sekunde mbili baadae haiangalii tena. Kwaiyo kila umeme ukirudi mizani ileile inazaliwa upya ikiwa na jina jipya. Ni kama mizani yenyewe ikishindwa kupima gunia ikakutajia kilo zozote zilizoijia, na ikakutajia kwa sauti ileile inayotumia ikiwa imepima kweli.

Haki lazima itendeke kwa waliotengeneza. Hiyo siyo bagi na hawajaificha, imeandikwa wazi kwenye dokumentesheni ya Python kwamba ikishindwa kupata adresi ya kadi inachagua namba ya bahati nasibu na kuwasha biti ya mwisho ya baiti ya kwanza, kama RFC 4122, waraka wa viwango vya intaneti, ilivyopendekeza. Ile fankisheni iliwekwa pale kwa ajili ya kutengeneza UUID (kitambulisho kisichojirudia) toleo la kwanza, na kwa kazi hiyo namba ya kubuni inatosha kabisa maana UUID inachotaka ni isigongane na nyingine. Tatizo ni sisi tunaoichukua kutoka kwenye kazi yake tunaipeleka kutambulisha mashine. Ila bado mi nailaumu kwa umbo lake, kwa sababu jibu la kweli na jibu la kubuni vyote ni namba nzima, vinatoka mlango mmoja, na huwezi kuvitofautisha bila kujua siri ya ile biti.

Siri yenyewe ni hii, kwa ambao mna mfumo wa namna hiyo na hamuwezi kuubadilisha leo. MAC adresi ya kawaida ni baiti 6. Kwenye baiti ya kwanza kuna biti mbili za chini zenye kazi maalum: ya chini kabisa ikiwaka maana yake ni adresi ya kundi na siyo ya kadi moja, inayofuata ikiwaka maana yake adresi imewekwa na mtu au programu, haikutoka kwa mtengenezaji. Kadi halisi haitakiwi kuwa na adresi ya kundi hata siku moja. Kwaiyo chukua namba iliyorudi, isogeze biti 40 kulia, angalia kama ni witiri. Ikiwa witiri hiyo ni ya kubuni, tupa, subiri kidogo, anzisha programu upya. Ukiwa unaisoma kwa macho angalia herufi ya pili ya heksa (uandishi wa namba kwa msingi wa 16, 0 hadi 9 na A hadi F), ikiwa 1, 3, 5, 7, 9, B, D au F basi siyo kadi. Ikiwa 2, 6, A au E ni ya kuwekwa na programu, hizo nazirudia chini kwenye simu.

Kingine kinachokera kwenye getnode ni kwamba inarudisha namba nzima. Ukiigeuza heksa bila kujazia sifuri mbele inakatika. Mashine za VMware (kompyuta za kuigizwa na programu) mara nyingi zina adresi zinazoanza 00:0C:29, sasa ukiandika hex(getnode()) unapata kitu kinaanzia c29, kifupi, alafu mwenzako kwenye mfumo mwingine ameihifadhi kamili na hamfanani tena. Pia inaweza kuchelewa ukiiita mara ya kwanza, maana inaweza kulazimika kuendesha programu nyingine ya nje kama ip au ifconfig ndo ipate jibu. Na inakupa adresi moja tu. Toka Python 3.7 inapendelea iliyotoka kwa mtengenezaji kuliko iliyowekwa na programu, zaidi ya hapo haikuahidi mpangilio wowote, kwaiyo mashine yenye kadi mbili leo inaweza kukupa hii kesho ile. Kwa kazi ya kutambulisha mashine naipa 2 kati ya 10, na hizo mbili ni kwa sababu dokumentesheni yake inasema ukweli.

Hapo kwenye "moja tu" ndo pana shida kubwa ya namna tunavyofikiria hii kitu. Tukikaa kutengeneza API yetu (fankisheni ambazo programu nyingine zitaziita), cha kwanza tunaandika getMac(), haina kigezo, inarudisha maandishi, basi. Lakini hakuna MAC ya mashine, kuna MAC ya kadi, na mashine ina kadi ngapi wewe hujui. Laptopu ya kawaida pale dukani Rwagasore ina kadi ya kebo, ina ya waifai, bluetooth nayo ina adresi yake, alafu kama kijana wa IT aliweka VirtualBox ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta kuna kadi nyingine hewa, yaani ya programu tu isiyo ya chuma, kama aliweka Docker ya kuendesha programu kwenye vyumba vyake kuna nyingine, kama bosi anatumia VPN kuna nyingine ambayo mara nyingi haina MAC kabisa. Anayeita getMac() anataka ipi? Mwandishi wa fankisheni lazima achague kwa niaba yake, na atachagua kwa mpangilio ambao yeye kwenye mashine yake ulimfaa. Kwaiyo laibrari yoyote inayokupa moja bila kukuonyesha nyingine inakufanyia maamuzi ambayo ni ya kwako.

Java hapa wamekaa vizuri, na wamekaa vizuri toka Java 6. Unaanza na orodha ya kadi kupitia NetworkInterface, kila kadi unaiuliza getHardwareAddress, inakupa baiti zake au inakupa null, yaani hakuna kitu, kama adresi haipo au huruhusiwi kuiona. Hiyo null ndo ninayoitaka. Unapata baiti mbichi, siyo maandishi yaliyopambwa, ukitaka nukta mbili ukitaka vistari unaamua mwenyewe. Usumbufu upo kwenye baiti za Java ambazo zina alama ya kujumlisha na kutoa, kwaiyo Raspberry Pi za zamani ambazo adresi zake zinaanza B8:27:EB ile baiti ya kwanza ukiichapa inakuja -72, na lazima ufanye & 0xff kwanza. Kuanzia Java 17 kuna HexFormat inayokufanyia hiyo kazi kwa mstari mmoja, lakini mashine nyingi ninazozikuta huku bado zina Java 8 kwa sababu mfumo fulani wa uhasibu unaihitaji, kwaiyo unarudi kuandika kitanzi mwenyewe.

Mtego wa Java uko kwenye isVirtual. Jina linakuambia itakuchujia kadi hewa za VirtualBox na Docker, watu wengi wanaiweka kwenye kichujio wanalala usingizi. Haifanyi hivo. Inakujibu kama hiyo ni kadi ndogo iliyotundikwa juu ya kadi nyingine, ile ya namna ya eth0:1. Kadi ya VirtualBox kwake ni kadi kamili tu. Mtego wa pili ni ule mfano uliozagaa kila sehemu wa kuchukua InetAddress.getLocalHost alafu kutafuta kadi yenye adresi hiyo. Kwenye Debian na Ubuntu jina la mashine mara nyingi limeelekezwa 127.0.1.1 kwenye faili la hosts, kwaiyo unaishia kwenye anwani isiyokupeleka kwenye kadi yoyote yenye MAC, na programu inakufia mkononi kwa NullPointerException mbele ya mteja. Pita kwenye orodha yote, achana na huo mfano. Java 7 kati ya 10.

Node sina mengi. os.networkInterfaces inakupa kila kadi kwa jina na ndani yake anwani zake za IP, na kila anwani imebeba mac yake kama maandishi. Inafaa kwa kuonyesha kwenye skrini. Lakini imejengwa kuzunguka anwani za IP, inakuonyesha tu kadi zilizopewa anwani, kwaiyo ukichomoa kebo kadi inapotea kwenye orodha kana kwamba haijawahi kuwepo, na mashine ikiwaka kabla ruta haijatoa anwani unapata orodha pungufu. Kwa kutambulisha mashine hiyo haifai, kadi ni ileile iwe na kebo isiwe na kebo. Alafu ile kadi ya ndani inayoitwa lo inarudishiwa 00:00:00:00:00:00, ambapo ingetosha kuacha wazi. Sifuri sita zina sura ya adresi halali, na hicho kianzio cha sifuri tatu kimesajiliwa kweli, ni cha Xerox ambako Ethernet ilizaliwa mwaka 1973, kwaiyo mtu akiziingiza kwenye hifadhidata kama kitambulisho utakuta mashine kadhaa zina kitambulisho kimoja. 5 kati ya 10.

Sasa Go. Hii ndo niliyohamishia mfumo wa yule mama, na naisifia bila kubana. net.Interfaces inarudisha vitu viwili, orodha na erori, kwaiyo "nimeshindwa kuuliza" na "nimeuliza sijaona" ni majibu mawili tofauti. Ukiingia kwenye orodha kila kadi ina jina, ina namba yake, ina bendera za kukwambia iko juu au ni ya ndani, na ina HardwareAddr. Hiyo HardwareAddr ni aina yake yenyewe, kwa ndani ni baiti tu, kwaiyo urefu haujafungwa kwenye 6. Kadi isiyo na adresi inakuja tupu, urefu sifuri, hakuna sifuri za kupamba. Ukiichapa inajipanga yenyewe na nukta mbili katikati. Na ukipokea adresi kutoka nje, ParseMAC inasoma miandiko mitatu ambayo utakutana nayo sana kazini: ya Linux yenye nukta mbili, ya Windows yenye vistari, na ile ya swichi za Cisco yenye nukta moja kila baada ya herufi nne. Hilo la mwisho limeniokoa muda mwingi, maana mteja anakutumia adresi kwa WhatsApp kaipiga picha kutoka kwenye stika, mwingine kaikopi kutoka kwenye ruta, mwingine kaiandika kwa herufi ndogo, na wewe ukishazigeuza baiti zote zinalingana bila ubishi. Linganisheni baiti jamani, msilinganishe maandishi.

Suala la urefu watu wanalipuuza kwa sababu hatujazoea kuona kitu zaidi ya baiti 6. Lakini kuna adresi za baiti 8, na InfiniBand (mtandao wa kasi wa kuunganisha kompyuta kubwa) inatumia baiti 20, ParseMAC ya Go inazijua zote tatu. Linganisha na njia ya zamani ya Linux, ile ya kuita ioctl na SIOCGIFHWADDR ambayo wengi tulifundishwa darasani, pale adresi inawekwa kwenye chumba cha baiti 14, kwaiyo ya baiti 20 haiingii hata ufanyeje. Aliyeamua ukubwa wa kile chumba aliwafunga waliomfuata wote. Ukitengeneza API yako rudisha baiti pamoja na urefu wake, hata kama Mwanza nzima hujawahi kuona InfiniBand.

Kingine kwa mazingira yetu, Go inatoa faili moja. Unalitengeneza kwenye laptopu yako ya Linux, unasema GOOS=windows, unaliweka kwenye flashi unaenda nalo Makoroboi au Igoma, unachomeka linafanya kazi. Hakuna kuinstoo Python, hakuna kumwambia mteja anunue bando ili pip ishushe vitu. Mashine za madukani nyingi hazina intaneti muda wote, na hilo peke yake kwangu linaipandisha Go juu ya wengine.

Mapungufu yake yapo. HardwareAddr huwezi kuilinganisha kwa == wala kuifanya ufunguo wa map kwa sababu ni slaisi (orodha ya Go yenye urefu unaobadilika), inabidi uigeuze maandishi kwanza au utumie bytes.Equal. Dogo hilo. Kubwa ni kwamba haikuambii adresi hii imetoka wapi. Mashine ikiwa imebadilishiwa adresi na mtu, Go inakupa ya sasa hivi, ya kiwandani haina sehemu ya kuiweka. Na haikuambii kadi ipi ni ya chuma na ipi ni hewa.

Kwa Linux hilo pengo nimeliziba kwa kusoma mafaili, na hapa nawasifu watu wa kerneli (kiini cha Linux) kuliko laibrari zote nne. Nenda /sys/class/net, kila kadi ina folda yake. Ndani kuna address ambayo ni MAC ya sasa. Kuna kiungo kinaitwa device, ambacho kwa kawaida kadi ya chuma inacho na kadi hewa kama docker0 haina, kwaiyo hicho ndo kichujio ambacho isVirtual ya Java ilikuahidi kwa jina. Na kuna faili linaitwa addr_assign_type, lina namba moja tu: 0 ni adresi ya kudumu ya kadi, 1 imetengenezwa kwa bahati nasibu, 2 imechukuliwa kutoka kadi nyingine, 3 imewekwa na mtumiaji. Yaani mtu alikaa akafikiria kwamba anayesoma adresi atataka kujua asili yake, akaiweka. Adresi ya kiwandani unaipata kwa ethtool -P. Mi nikiulizwa API nzuri ya kusoma MAC ifananeje nasema ifanane na ile folda: orodha ya kadi, kila kadi na adresi ya sasa, adresi ya kudumu kama ipo, ni ya chuma au hewa, na adresi ilipatikanaje. Kupamba kwa nukta mbili kuwe fankisheni ya pembeni.

Windows nako kila kitu kipo ila kimetawanyika. GetAdaptersAddresses ndo njia inayotumika sana na ndo Go inayotumia kwa chini, lakini lazima uandae bafa (nafasi ya kumbukumbu ya kupokelea jibu) mwenyewe, Microsoft wanashauri uanze na KB 15, ikiwa ndogo inakurudisha uongeze uite tena. Inakupa baiti na urefu wake, safi. Ila kama unataka adresi ya kudumu pembeni ya ya sasa nenda GetIfTable2, pale kuna PhysicalAddress na PermanentPhysicalAddress kwenye safu moja, na kuna bendera ya kusema hii ni ya chuma. Nashangaa kwanini laibrari nyingi hazipiti huko.

Sasa leseni, maana ndo wengi mnakopeleka hizi MAC. Kuna muuzaji mmoja wa mfumo wa mauzo, simtaji, ana wateja wengi tu hapa mjini, mfumo wake unafunga leseni kwa MAC ya kadi ya kwanza anayoiona. Rafiki yangu mwenye duka la vifaa vya uvuvi akanunua adapta ya USB ya kebo kwa sababu tundu la laptopu liliharibika, asubuhi mfumo ukamwambia mashine haitambuliki, duka likakaa bila risiti hadi mchana akibembeleza kwenye simu. Alikuwa na haki ya kutumia kitu alichokilipia. Mkifanya leseni, tunzeni orodha ya kadi zote za chuma na mkubali ikipatikana hata moja kati ya zile za mwanzo. Na msitegemee MAC peke yake, kwa sababu kuibadilisha ni amri moja ya mstari mmoja, na adapta za bei chee za USB zinakuja nyingine zikiwa na adresi ileile pakiti nzima, nimezishika mwenyewe mbili zinafanana mpaka herufi ya mwisho na kwenye swichi moja hazikai kwa amani.

Wale mnaohudumia hosteli za wanachuo kule Nyegezi, au loji za Capri Point, mnaosajili simu za watu kwa MAC ili zipate waifai, hiyo biashara imeshabadilika na hakuna laibrari itakayokurudishia. Apple walifunga toka iOS 7 mwaka 2013, programu ikiuliza inapewa 02:00:00:00:00:00, na Android wakafanya vilevile toka toleo la 6.0 mwaka 2015. Kuanzia Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020 simu inaonyesha kila mtandao adresi yake tofauti ya kutengenezwa. Ndo maana mwanafunzi "aliyesajiliwa" jana, akiufuta mtandao (kwa baadhi ya simu) au akizima hiyo adresi ya kutengenezwa kwenye mipangilio, ruta inamuona mgeni. Angalia herufi ya pili ya adresi kwenye orodha ya ruta yako, utaona 2, 6, A na E zimejaa. Wape akaunti na neno la siri, au vocha, MAC iwe ya kurahisisha kikao cha siku hiyo tu. Na mi naona ni haki, simu ya binti wa chuo haitakiwi kuwa na namba moja inayoonekana na kila ruta kuanzia stendi ya Nyegezi mpaka Buzuruga.

Ila angalia namna zile mbili zilivyokataa. 02:00:00:00:00:00 ni kukataa kwa kutoa jibu lenye sura ya jibu, programu nyingi ziliendelea kuihifadhi kama kitambulisho halali na watu wote wakawa mtu mmoja. Android 11 ya 2020 ilivyokaza zaidi ilitumia njia safi: programu zinazolenga toleo hilo zikiita getHardwareAddress ya Java zinapata null, na Go ukiita net.Interfaces inakurudishia erori kwamba ruhusa imekataliwa. Inauma siku ya kwanza, lakini unajua umekataliwa.

Na kwa wanaoniuliza kila wiki, hapana, tovuti haiwezi kusoma MAC ya anayeitembelea. Brauza haitoi, na MAC haivuki ruta, inaishia kwenye mtandao wa ndani.

Kuna na sheria pia. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023. Ukishaweka MAC ya simu pembeni ya jina na namba ya mtu umeshika taarifa zake, kwaiyo mwambie unaichukua kwa kazi gani, ifute akiondoka. Kwa kakompyuta ka mizani sina wasiwasi huo, kwa simu za wapangaji ninao.

Kule Mwaloni sasaivi programu ni ya Go, ikiwaka inapita kwenye orodha, inachuja kwa kile kiungo cha device, ikikuta hakuna kadi inasubiri na kuandika kwenye logi kwamba kadi haijaonekana, haitumi uzito mpaka ijue yenyewe ni nani. Jina la mizani nimeliweka kwenye faili la mipangilio na MAC inabaki kuwa ya kuhakiki, ili siku kadi ya USB ikifa tubadilishe kadi bila kupoteza historia ya mizani. Yule mama ripoti yake ina mizani zake tu.

Ukitaka kujaribu laibrari yako kabla hujaipeleka kwa mteja, iendeshe kebo ikiwa imechomolewa, iendeshe waifai ikiwa imezimwa kabisa, chomeka adapta ya USB katikati ya kazi, washa VPN, weka Docker, alafu izime na kuiwasha upya kila mara uangalie kama jibu linabaki lile lile. Ikikupa namba kwenye mashine isiyo na kadi hata moja, usiende nayo kwa mteja.